Viatu Vilivyopewa Shikamoo

Hapo zamani za kale, ukungu ulipokuwa haujajua kukaa juu, ukilala huku chini na wanyama kama mgeni asiye na haraka, palikuwa na nchi ya milima iliyoitwa Chelele. Sogeeni. Na wewe unayesinzia huko nyuma, sinzia tu, ila usikorome.

Wanyama wa Chelele walijenga nyumba, walipika, walifua, na wote walivaa viatu. Kila mwaka kiangazi kilipokaribia walishindana mbio za kupanda mlima. Aliyetangulia kufika juu alipewa Bonde la Umande, mahali pekee ambapo maji hayakukauka, na yeye ndiye aliyeamua nani anywe na nani akae na kiu.

Miaka saba mfululizo alishinda Mbogo. Kila mwaka alifunga lango, akanywa yeye na ukoo wake, na wengine wakabaki kulamba majani.

Sasa, palikuwa na Sange. Mnamjua Sange? Ni mdogo kama panya, ana pua ndefu inayochezacheza na miguu myembamba. Kazi yake ilikuwa kufagia njia, chwe, chwe, chwe, ndani ya ukungu wa asubuhi. Kiangazi kilichopita mtoto wake wa pekee, Kidawa, alishikwa na kiu hadi akashindwa kufumbua macho. Sange alikwenda langoni kuomba kikombe kimoja cha maji. Mbogo akamwambia arudi mvua zikinyesha. Kidawa alipona kwa umande ambao mama yake aliukamua kutoka kwenye kitambaa, tone moja moja. Sange hakusahau. Hata mimi nisingesahau.

Asubuhi moja, akifagia, aliziona nyayo za Mbogo kwenye tope. Zamani nyayo hizo zilikuwa na mistari kama meno ya kitana. Siku hiyo zilikuwa laini kabisa, na upande wa nje zimedidimia kuliko wa ndani. Sange akainama, akazigusa kwa pua yake, akajua kwamba soli za Mbogo zimekwisha.

Mbogo mwenyewe hakujua. Ngozi ya juu ya viatu aliipaka mafuta kila siku mpaka akaweza kujitazama humo, lakini chini hakuwahi kutazama. Wanyama wa Chelele waliamini kwamba ushindi hukaa ndani ya kiatu kilichoshinda, na kiatu cha namna hiyo hakitupwi. Alichojua Mbogo ni kwamba magoti yanamuuma bila kuanguka popote, na kila akikanyaga anasikia kokoto zote za njiani.

Siku hiyo hiyo akakutana na Sange. Sange akamwamkia, naye akaitikia kwa mkato, kisha akainamisha kichwa kikubwa na kunong'ona.

"Fundi Kakakuona ameshona raba mpya za kipimo changu. Unaonaje, nibadilishe?"

Sange akawaza. Mbogo akipata raba mpya, Kidawa hatamaliza kiangazi hiki.

"Mzee wangu," akasema taratibu, "hivyo ulivyovaa vimeshinda mara saba. Hivyo vipya vimeshinda mara ngapi?"

Mbogo akafikiri sana. "Hata mara moja."

"Basi. Tena mimi naona tumevikosea adabu. Viatu vizee namna hiyo, na hakuna hata mmoja anayevipa shikamoo."

Ah, maneno hayo yalimwingia Mbogo kama asali! Kesho yake mkeka ukatandikwa, uji wa mtama ukapikwa, viatu vikawekwa katikati vikimetameta. Wanyama wakapanga foleni ndani ya ukungu, mmoja mmoja akainama na kusema, "Shikamoo, viatu." Mbogo akaitikia marahaba kwa niaba ya viatu, machozi yakimlengalenga.

Jioni magoti yake yalivimba. Alipita kwa Kakakuona kimya kimya, akaibonyeza soli ya raba mpya kwa kwato, ikabonyea na kurudi. Akapumua kwa huzuni. Angewezaje kuviacha viatu vilivyoamkiwa na nchi nzima? Akaenda zake. Sange akaingia nyuma yake, akashonewa vyake vidogo, akavizoesha miguuni siku kumi.

Siku ya mbio ukungu ulikuwa mzito, mweupe kama tui. Walikimbia bila kuonana, na ungedhani mlima wote unaelea. Mbogo alitangulia kwa nguvu zake, tena mbali, mpaka akafika kwenye mwamba unaotoka maji. Akakanyaga, kiatu kisishike. Akakanyaga tena.

Pwaa!

Akaanza kuteleza kwa tumbo, polepole, ukungu ukimfungulia njia mbele na kuifunga nyuma. Akawapita wote aliokuwa amewaacha. Akampita mkewe akianika nguo, akamsalimu, maana angefanya nini? Akasimama mlangoni kwake. Huko juu Sange alikuwa akipanda mwamba, ti, ti, ti, ti, soli zake zikishika kila hatua pale wenzake walipoteleza, mpaka akafika kileleni wa kwanza.

Lango likafunguliwa kwa wote. Kidawa akanywa mpaka tumbo likakaza, na Sange akalia mbele za watu bila kuona haya.

Baadaye Mbogo akaja akichechemea, miguu mitupu, viatu mkononi. Akavigeuza. Chini palikuwa na tundu la kupitisha kidole.

"Ulijua," akasema.

"Nilijua tangu nilipoona nyayo zako. Na wewe ulijua kwamba mwanangu ana kiu."

Mbogo akaviweka viatu chini. Sange akachota kikombe kimoja, akampa. Mbogo akakipokea kwa mikono miwili, akanywa.

Kumbe huku nyuma wanyama wameshatandika mkeka! Twiga amekwisha kuinama kwenye viatu vya Sange na kuanza, "Shika..."

"Acha," akasema Sange. Akavua kimoja, akakigeuza, akakibonyeza. "Hivi vina mwaka mmoja ndani yake, pengine pungufu. Vikiacha kubonyea na kurudi, Kidawa atalalia kimoja, na kingine atakifanya mtumbwi."

Mbogo akacheka kwanza kidogo, kisha kwa kifua chote, mpaka ukungu ukashtuka na kupanda juu, ambako unakaa hadi leo. Mwanga ukaingia bondeni. Na hapo mngewaona: Twiga, Ngiri, Pundamilia, nchi nzima ya Chelele, kila mmoja amesimama kwa mguu mmoja, anatazama chini ya kiatu chake.

Nami nimefika mwisho, nawaachia hili tu: usikipime kiatu kwa mbio kilizoshinda, kigeuze uitazame soli.