Aikaruwa na Ua wa Masale

Nikiita nyumba, niitikieni kwamba ina wenyewe. Haya. Nyumba!

Ina wenyewe!

Na wenyewe?

Wana yao!

Basi sogeeni, na nyie wa nyuma msije mkasema sikusikika. Hapo zamani za kale, ndege waliposema na watu wakawajibu, palikuwa na mwanamke huko Uchagani mlimani, jina lake Aikaruwa. Alikuwa mjane. Mumewe alimwachia vitu vitatu: kihamba cha migomba, ng'ombe mmoja wa maziwa, na mama mzazi wa huyo mume, Bibi Mkunde.

Bibi Mkunde enzi zake alikuwa mwanamke wa kutazamwa. Akipita njiani, watu walisimama. Sasa uzee ulikuwa umemshika miguu na kiuno, hajiogeshi wala hajivishi. Kila asubuhi Aikaruwa alimtoa uani, akamwogesha, akampaka mafuta, akamwacha aote jua. Jua lile ndilo lilikuwa dawa yake. Siku asipoliota, halali kwa maumivu.

Taabu ni kwamba nyumba ilikaa penye njia panda, tena haikuwa na ua. Wanaokwenda mtoni wanaona, wanaotoka sokoni wanaona. Na aliyeona kuliko wote ni Hondohondo, yule ndege mwenye mdomo mkubwa kuliko kichwa chake. Asubuhi moja alizunguka mtaa mzima akiimba:

"Nimeona, nimeona, kwa Aikaruwa nimeona! Bibi Mkunde anaogeshwa kama mtoto, nimeona!"

Watu wakacheka. Bibi Mkunde akasikia kicheko, na kesho yake akakataa kutoka.

"Niache humu humu gizani, mwanangu," akasema. "Mifupa iniume, lakini wasinione."

Aikaruwa aliumia sana. Ila hasira zake hazikuwa za kupiga kelele. Alichukua jembe, akatoka.

Kwanza akapanda migomba kuzunguka nyumba, mmoja kando ya mwingine. Ikakua, ikapanua majani, akafurahi. Upepo wa mlimani ukaja, ukayachana majani vipande vipande kama nguo kuukuu. Hondohondo akachungulia katikati: "Nimeona, nimeona, kwa Aikaruwa nimeona!" Bibi Mkunde akarudi ndani.

Mara ya pili akapanda miringaringa. Ikakua, majani mapana, akafurahi. Kiangazi kikaingia, majani yakapukutika yote, ikabaki miti mitupu. Hondohondo akatua juu yake kabisa, bila hata kuchungulia: "Nimeona, nimeona, kwa Aikaruwa nimeona!" Bibi Mkunde akarudi ndani, na safari hii alikuwa amekonda, shingo imebaki mishipa.

Aikaruwa akakaa kizingitini, akawaza. Mti wangu usichanwe na upepo. Mti wangu usivuliwe na kiangazi. Mti wangu uwe kijani leo, uwe kijani kesho, uwe kijani hata mimi nikiwa sipo. Akafunga kanga yake kiunoni, akapanda hadi msituni, akarudi na mzigo wa vipande vya masale, ule mmea wa majani marefu yasiyopukutika.

Hapo hata waliomcheka Bibi wakashangaa, maana kwetu mlimani sale si jani la mchezo. Ukimkosea mtu, unachuma jani la sale, unalifunga fundo, unampelekea. Akiliona amekwisha kusamehe, hana ruhusa ya kulikataa. Jani kama hilo, nani amewahi kulifanya ua?  Aikaruwa alichomeka vipande vyake ardhini, vikabanana bega kwa bega, akavimwagilia kwa kata, akavisemesha kama wanawe. Vikashika. Vikapanda magotini, vikapanda kifuani, vikapita kichwa. Upepo ukaja, masale yakacheza tu. Kiangazi kikaja, masale yakabaki kijani vile vile.

Akamtoa Bibi Mkunde uani. Bibi akapapasa majani, akauliza kama kuna anayewaona. Aikaruwa akamwambia hayupo. Bibi kizee akavua shuka lake mwenyewe, akaligeuzia jua mgongo, akacheka. Aikaruwa alijivuna siku ile, na alikuwa na haki ya kujivuna.

Lakini asiyeona hana la kuimba, na Hondohondo bila wimbo ni nani? Akaruka hadi kwa Mangi, mtawala wa mlimani. Akamwambia kwamba mvua imechelewa, na Aikaruwa amejifungia. Anayejificha ana lake jambo, huenda mvua yenyewe ameifungia chunguni mle ndani. Mangi akaingiwa na wasiwasi. Akaja na watu wenye mapanga, kijiji kizima nyuma yao, Hondohondo mbele.

Aikaruwa alimsikia Bibi Mkunde akihema kwa hofu nyuma ya majani. Akasimama mlangoni pa ua, mikono mitupu.

"Mangi, baba yetu," akasema, "ua huu ukikatwa, mtu atakufa ndani ya nyumba hii, na hatakufa kwa ugonjwa. Kama unataka kuona, mlango huu hapa. Ingia peke yako, na utakachokiona kibaki kwako."

Mangi akaingia. Watu wakangoja. Hondohondo akanyoosha shingo mpaka karibu ivunjike. Mangi akatoka, macho chini, halafu akayainua kwa wenye mapanga.

"Nimeona nyumba ya mtu," akasema. "Ua ubaki."

Kisha akamgeukia Hondohondo, akamwamuru akaombe msamaha kama desturi inavyotaka: kabla jua halijatua, jani la sale mdomoni.

Msituni ni mbali, na Hondohondo ni mvivu wa safari zisizo na umbea. Akazunguka nyuma ya nyumba, akachuma jani pale pale uani kwa Aikaruwa. Akalifunga fundo, akaja mbele ya watu wote, akainama, akampa.

Aikaruwa akalipokea, akaligeuza, akaangalia lilipokatwa. Utomvu ulikuwa bado mbichi. Akaenda nyuma ya nyumba, akarudi.

"Sale halikataliwi, nimekusamehe kosa la kwanza," akasema. "Lakini jani hili ni langu. Umeniomba radhi kwa kuniibia, na ulipolitoa pana tundu linalomtazama mama. Hilo ni kosa jipya, na utalilipa kwa mdomo wako. Kalizibe."

Watu walicheka, na safari hii hawakumcheka Bibi Mkunde. Hondohondo akabeba udongo mtoni kwa mdomo, tonge kwa tonge. Akapaka, akasukuma, akapaka tena, mpaka tundu likaziba na mdomo ukamchubuka.

Sasa mkewe alikuwa kwenye pango la mti, ameatamia mayai, anatazama kila tonge. Akamwita. Akamwambia kwamba miaka yote hiyo yeye analala wazi, kila apitaye anamkodolea, na kumbe mumewe anajua kuziba. "Uliyomfanyia mke wa watu, nifanyie na mimi."

Angesema nini? Akaziba. Ndiyo maana mpaka leo Hondohondo jike akiatamia mlango hufungwa kwa udongo, pakabaki upenyo wa mdomo tu, na dume kutwa kucha anapeleka chakula, hana nafasi ya kuimba ya jirani. Na mlimani kila nyumba ikaja kwa Aikaruwa kuomba kipande cha sale. Aliwapa wote, kichwa juu. Bibi Mkunde akaota jua lake mpaka siku zake zilipotimia, na hakuna macho yaliyomfuata.

Fundisho ni hili: mtu kuzungushia nyumba yake ua si dalili ya ubaya. Mle ndani mna heshima ya mtu, nayo haihitaji watazamaji.

Nami ngano yangu naifunga fundo, naiweka mapajani mwenu. Ila jamani, alichokiona Mangi mle uani kilitakiwa kibaki kwake, na mimi nimewasimulia chote. Mkikutana na Aikaruwa, mwambieni mmekisikia kwa Hondohondo.