Kidawa na Mlango wa Vichwa Viwili

Jamani, nimekuja na ngano!
— Ije, masikio yako wazi!
Ni ya kale sana!
— Ije hivyo hivyo!

Hapo kale, ndani ya kichuguu kimoja kirefu kuliko mtu, waliishi mchwa. Wako waliojenga kuta, wako waliolima uyoga, na wako askari mia moja. Askari wa mchwa ana kichwa kikubwa na taya kama mkasi, lakini taya hizo hazitafuni chakula. Lazima alishwe mdomoni kama mtoto.

Kidawa alikuwa fundi wa kuta, na kwa kuuliza maswali hakuwa na mfano.

Siku moja Amiri wa jeshi akaenda kwa Malkia. "Mama, siafu wanakuja. Niongezee askari." Akaongezewa mia, na wajenzi wakaacha udongo wakawalisha.

Akarudi. "Mama, siafu wanakuja. Niongezee askari." Akaongezewa mia mbili.

Akarudi tena. "Mama, siafu wanakuja!" Akaongezewa mia tatu. Safari hii hata Kidawa akatolewa ukutani, akapewa askari wa kumlisha, jina lake Mbaruku.

Asubuhi ya kwanza akamtia tonge la uyoga mdomoni, akamuuliza, "Kaka Mbaruku, siafu umewahi kuwaona?"

"Sijawaona, dada."

"Wakija mtafanyaje?"

"Tutaziba mlango kwa vichwa vyetu."

"Mlango una upana gani?"

Mbaruku akaacha kumeza. "Vichwa viwili."

"Na ninyi mko wangapi?"

"Mia saba."

"Sasa wengine wote wanafanya nini?"

Mbaruku akainama. "Tunasimama nyuma, dada. Tunasubiri kulishwa."

Lo! Kidawa hakutulia. Akaenda kupima mlango: vichwa viwili, kweli. Akachungulia ghala la uyoga: limebaki nusu. Akauzunguka ukuta wote, na upande wa mashariki akakuta mvua imeumega, pana ufa wa kupita kichwa kimoja. Fundi hata wa dawa hayupo.

Akaenda mbio kwa Amiri. "Shikamoo, Amiri. Ukuta wa mashariki una ufa."

"Siafu hupita mlangoni," akajibu Amiri.

"Nani kawaambia wapite mlangoni?"

"Rudi ukalishe!"

Akaenda mara ya pili: "Rudi ukalishe!" Akaenda mara ya tatu: "Rudi ukalishe!"

Akamweleza Mbaruku. Mbaruku akafikiri, kisha akasema, "Nenda kajenge, dada. Mimi nitakaa na njaa yangu."

Kidawa akajenga siku ya kwanza, akajenga ya pili, akajenga ya tatu. Siku ya nne ufa bado haujafungika, siafu hao! Wamekuja weusi kama maji ya mto uliofurika. Mlangoni hawakufika. Wakaelekea mashariki.

Askari wakaitwa. Lakini walikuwa wamesongamana mlangoni mia sita na tisini na tisa, hata kugeuka hawawezi. Aliyekuwa karibu ni mmoja tu, Mbaruku, amekuja kumtazama Kidawa. Akajipenyeza kwenye ufa, akatoka nje, akawakabili siafu.

"Ziba, dada!"

"Na wewe, kaka?"

"Ziba!"

"Na wewe je?"

"Ziba nyuma yangu!"

Kidawa akatia udongo. Akatia tena, huku analia. Nje akasikia taya: ka! ka! ka! Kisha ka, moja. Kisha kimya. Siafu wakagonga ukuta, wakachoka, wakaenda zao.

Malkia akawaita. Amiri akasema, "Mama, jeshi limeshinda."

Kidawa akasema, "Mama, aliyeshinda ni mmoja, na alikuwa na njaa ya siku nne."

Malkia akawarudisha mafundi ukutani. Amiri hakufukuzwa, maana siafu wapo kweli. Ila kila alipotaka askari zaidi, ilimlazimu kwanza auzunguke ukuta mzima, Kidawa yuko ubavuni akimhoji.

Ndiyo maana hadi leo ukimega kichuguu, wenye vichwa vikubwa hutoka nje wakasimama, na nyuma yao wadogo huja na udongo.

Funzo lake ni hili: adui yupo, na askari anahitajika, lakini kabla ya kuuliza askari wangapi, uliza adui atapita wapi.

Nimeipokea kwa wakubwa, nimeiacha kwenu. Asiyeamini akatie kidole kichuguuni. Chake, si changu!