Kamba ya Saba ya Mlango wa Mnana

Paukwa!

Pakawa!

Wa nyuma sikuwasikia, au mmeshasinzia? Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wanafunga milango, aliishi Mama Pimbi katika ufa wa jabali na watoto wake wanne. Cha kula leo walikitafuta porini. Lakini ndani ya ufa, ndani kabisa, palikuwa na kikapu kimoja cha mbegu za mtama. Hizo haziliwi. Hizo zinangoja mvua. Mvua ikija zipandwe, watoto waishi. Zisipokuwepo, njaa. Basi, ni hilo tu.

Mlango wa ufa ulisukwa kwa kamba. Kila mlango wa jabali lile ulisukwa vivyo hivyo, kwa sababu Fundi Mnana, yule ndege msusi, alisuka mlango mmoja wa mfano akautundika hadharani, chemchemini.

Akasema, "Jamani, huu si wa mtu. Anayetaka asuke kama huu, bure. Anayeona kasoro aniambie."

Wakaja, wakautazama, wakausifu, wakaenda kusuka ya kwao. Kasoro? Nani akae kutafuta kasoro? Jirani Nungunungu alidhani Pimbi amekagua. Pimbi alidhani Nungunungu amekagua. Mnana alidhani wote wamekagua.

Siku moja Mama Pimbi akatoka na wanawe kuota jua. Akarudi. Mlango umefungwa. Fundo halijaguswa. Akachungulia kikapu. Mbegu zimepungua.

"Ala!"

Akawahesabu watoto. Wanne. Akawanusa midomo mmoja mmoja. Hakuna harufu ya mtama. Kesho yake akafunga, akakaza, akaenda, akarudi. Mlango umefungwa. Fundo halijaguswa. Mbegu zimepungua tena. Kichwa kikamzunguka. Akalizunguka jabali mara tatu akitafuta tundu. Hamna.

"Au nazila mwenyewe usingizini?" Masikini, akapulizia kiganja chake akanusa.

Siku ya tatu akajibanza nyuma ya jiwe. Akaja Panya Buku, tumbo mbele. Fundo hakuligusa. Akahesabu kamba kutoka chini: moja, mbili, tatu, mpaka ya saba. Akaivuta. Chwiii! Mlango ukalegea ubavuni. Akaingia. Kacha-kacha-kacha! Akatoka, akairudisha kamba. Chwiii! Mlango ule ule, kama haujawahi kuguswa.

Pimbi akapiga ukelele, Buku akatoka mbio, na Pimbi naye mbio mpaka kwa Mnana.

"Fundi! Kamba ya saba!"

Mnana akaivuta ya mfano wake. Chwiii! Manyoya yakamsimama kwa aibu. "Nisamehe, mama. Nilisahau kuipitisha chini ya zile nyingine."

Papo hapo akaifungua, akaipitisha chini, akaikaza. Kisha akapiga mbiu, "Jamaaani! Kamba ya saba ilikuwa mbovu! Nimeitengeneza! Njooni mtazame!"

Wakaja wote. Na panya wa bondeni wakaja, hata wale ambao maisha yao yote hawakujua kama kuna kamba ya saba. Wakasimama nyuma, wakasikiliza vizuri sana.

Nungunungu alitazama mara moja tu, akageuka.

"Mbona haraka, jirani?" Pimbi akauliza.

"Naenda kusuka upya!"

"Usuke nini tena? Si mlango umetengenezwa?"

Lakini Nungunungu alishafika mbali, miiba inalia cha-cha-cha. Pimbi akabaki anamshangaa. Watu wengine wana haraka! Akanywa maji. Akamshukuru fundi. Akajilaza juani palepale chemchemini, roho imetulia.

Alasiri akarudi, watoto bado wako porini wanatafuta cha kula. Mlango umefungwa. Fundo halijaguswa. Kikapu kitupu. Si kupungua, kitupu! Hata punje ya kubandika ulimini haikubaki.

Akarudi chemchemini analia. "Fundi, umenidanganya! Ulisema umeutengeneza!"

"Nimeutengeneza, mama. Huu hapa, vuta."

Akavuta. Haukutikisika. Akavuta kwa nguvu zote. Wapi!

"Sasa wangu mbona umefunguka?"

"Wako umeusuka upya?"

Pimbi akautazama mlango wa mfano. Akalitazama jabali lake kule juu. Akautazama mlango tena.

"Kwani... wangu si ndio huu?"

"Wako uliusuka kwa kufuata huu, ulipokuwa bado mbovu," Mnana akasema taratibu. "Huu nimeushika kwa mdomo wangu nikaubadilisha. Wako uko kwako, mama. Nani aliushika?"

Ngu-ngu-ngu! Mbingu zikanguruma. Tone likamdondokea Pimbi puani. Halafu la pili. Mvua imekuja!

Akapanda jabali akiteleza. Njiani akampita Nungunungu, ameinama shambani, anafukia mbegu, anaimba. Na juu kule, mlangoni, watoto wanne wamesimama wamelowa, wanarukaruka kwa furaha.

"Mama! Mama! Mvua! Tulete kikapu?"

Jamani, mngekuwa nyinyi mngewajibu nini? Mimi sijui. Na Pimbi hakujua.

Basi sikieni, wakubwa na wadogo. Kasoro ikitangazwa, mwizi naye ana masikio. Na fundi akiurekebisha mlango wake, wako haujarekebishwa mpaka uurekebishe kwa mkono wako, siku hiyo hiyo, kabla hata ya kunywa maji.

Hadithi yangu imeishia hapo, mvuani.