Bibi Harusi Aliyepotea Ukutani

Paukwa!
— Pakawa!
Chokaa nyeupe?
— Ya Mama!
Udongo mwekundu?
— Wa Shangazi!
Na mwenye chumba je?
— Hakuulizwa!

Hapo zamani za kale, jamaa zangu, Nguchiro alimwoa Kinyonga. Kwao desturi ilikuwa moja: bibi harusi akishaingia chumbani hafungui mdomo mpaka mume ampe kipa mkono, zawadi yake ya kwanza. Naye Nguchiro alikuwa bado uani, anapokea wageni.

Chumba kilipakwa chokaa, cheupe pe. Kinyonga akaegemea ukuta, akatulia tuli. Mama yake Nguchiro akachungulia. Lo! Mkeka mtupu!

"Wifi wee! Mkwe katoroka!"

Shangazi mtu akaja mbio. "Si nilikwambia, wifi? Nyeupe yako hii ya sanda imemtisha. Tupake nyekundu, atarudi."

Wakapaka nyekundu chapuchapu. Wakatazama. Lo! Mkeka mtupu!

"Nyekundu yako ya machinjioni ndiyo imemkimbiza!" Mama akafoka. "Rudisha nyeupe!"

Wakarudisha nyeupe. Brashi ikagonga kitu. "Ukuta huu una nundu," Shangazi akanung'unika. "Fundi kalipua kazi." Akaipaka ile nundu, akairudia. Wakatazama. Lo! Mkeka mtupu!

Mara vigelegele mlangoni! Kina Kinyonga hao, wamekuja kumwona binti yao. Mama akashika kichwa. Shangazi akashika kiuno. Nguchiro alipoambiwa, akaja mbio kutoka uani.

"Nitawaambia nini wakwe zangu? Ndoa yangu imekufa ingali changa!"

Akaingia chumbani analia, akaweka shanga alizomnunulia mkewe juu ya mkeka. "Mke wangu, popote ulipo, hiki ndicho kipa mkono chako."

Ukuta ukafumbua jicho.

Ukuta ukafungua mdomo.

Ukuta ukasema: "Ahsante, mume wangu. Mama, Shangazi, shikamooni. Jicho langu la pili mmelipaka chokaa!"

Yallah! Mama akazimia. Shangazi akazimia juu yake, brashi mkononi.

Nguchiro akampangusa mkewe jicho. "Basi wewe ulitaka rangi gani?"

"Yoyote, mume wangu. Mimi zote zinanikaa. Nilitaka kuulizwa tu."

Mmesikia? Kabla hamjagombania rangi ya chumba, muulizeni atakayelala humo. Mimi wangu nilimuuliza mwaka juzi. Bado anafikiri, na kuta zetu ziko tupu.

Ngano yangu imeishia hapa. Mkiondoka msiegemee ukuta, rangi mbichi!