Mzizi Mmoja, Chupa Moja

Hebu fumba macho kidogo, uione meza ya maabara ya chuo. Juu yake imesimama faneli ya kioo yenye koki chini. Wasichana watatu wameizunguka, wala hakuna hata mmoja aliyekaa.

Matika ana mikono mitulivu. Nyemo ana akili ya kutafuta njia. Mboni hamwagi kitu, kila kinachobaki hukiweka koponi, hata wenzake humwita Bibi Makopo.

Ndani ya faneli mlikuwa na maji ya mzizi ambao wafugaji huwapa mbuzi wenye minyoo. Mti wenyewe uling'olewa kupisha barabara. Mzizi mwingine haukuwapo. Walitaka kuitoa dawa kwenye maji na kuihamishia kwenye kimiminika kingine kisichochanganyika nayo. Na desturi ya pale ni chupa moja, jina moja: atakayeandikwa kwenye chupa ndiye atakayeipeleka maabara kuu, akasomeshwe huko mwaka mzima. Gari lingefika saa sita mchana.

Wakamimina kile kimiminika cha pili, Matika akaishika faneli, akaitikisa polepole, na kila baada ya mitikiso michache akaipindua na kufungua koki ili hewa itoke. Mara moja kizibo kilimsukuma kiganja kwa nguvu, akakishikilia, hakikuruka. Mkono mwingine ungeupaka mzizi wote ukutani.

Lakini vimiminika havikuachana. Katikati pakatuama povu zito kama maziwa, robo saa, nusu saa. Mwalimu wao, Chidawali, alikwenda dirishani, akarudi, akaenda tena. Nyemo akakoroga chumvi katika maji kidogo, akaimimina humo. Povu likakatika, yakabaki matabaka mawili safi.

"La chini ni maji, limwage," mwalimu akasema.

Miaka yote kile kimiminika cha pili kilikuwa etha, nayo huelea juu ya maji. Mwezi ule etha ilikwisha, wakatumia klorofomu, nayo huzama. Kwa haraka, mwalimu akasahau. Mboni akafungua koki kama alivyoambiwa, ila chini yake hakuweka ndoo. Aliweka bika safi, kikombe cha kioo cha maabara, kisha akalisogeza pembeni.

Wakakausha tabaka la juu. Ukabaki unga mweupe, wakapeana mikono. Nyemo akautazama kwa lenzi, akaona vijisanduku vidogo vidogo.

"Mwalimu, hii ni chumvi yangu."

Ilikuwa saa tano na nusu. Mwalimu akaketi, mara ya kwanza tangu asubuhi. Hapo ndipo Mboni alipolileta bika lake. Wakalikausha, na chini zikabaki chembe kama sindano nyembamba, hazijai hata ukucha. Hiyo ndiyo dawa.

Mwalimu akachukua kalamu. Matika akamkumbusha kile kizibo. Nyemo akauliza kama lile povu lingeondoka kwa kutazamwa, kisha akamgeukia mwenzake.

"Na wewe, Bibi Makopo, hukufanya lolote. Ulisahau tu kumwaga."

"Basi nilisahau vizuri, dada," Mboni akajibu.

Nje, honi ikalia. Mwalimu akaitazama lebo, ndogo kama kidole gumba, na kalamu yake haikushuka.

Je, wewe ungeandika jina la nani? Amua uonavyo, lakini nakuomba ukumbuke kitu kimoja: mzizi ulikuwa mmoja.