Fisi na Dawa ya Uboho

Mwaka mmoja mvua iliinyima nyika hata tone. Majani yakakauka, vumbi likatawala kila mahali, na Simba, ambaye hakupenda kitu kingine chochote kitawale, akaamuru nyasi zichomwe ili moshi ukayaite mawingu. Kila siku aliketi mwenyewe mbele ya moto, ili mawingu yakija yajue yameitwa na nani.

Mawingu hayakuja. Kilichokuja ni kikohozi. Ngurumo ya mfalme ikageuka mluzi, na wanyama wakawa wanainamisha vichwa mbele yake, si kwa heshima, bali kuficha vicheko.

Akaitwa tabibu, Bi Kakakuona. Akatega sikio kifuani pa Simba, akasikiliza kwa muda mrefu.

"Mfalme," akasema, "mapafuni mwako mna askari wadogo wasioonekana. Wazee wao walihamia humo hata kabla hujazaliwa. Humeza vumbi na vijidudu unavyovuta, na wakipungua huzaana humohumo. Lakini moshi umewaua wengi mno. Sasa mwili wako unaleta wengine kutoka kwenye uboho wa mifupa yako. Wanapita njia ya damu, na wakifika hujifunza kazi ya wenyeji. Zima moto, uwape nafasi."

"Unasema nimejitia ugonjwa mwenyewe?"

"Ndiyo, Mfalme."

Bi Kakakuona akafukuzwa barazani.

Fisi, waziri wa Simba, aliyasikia yote, lakini mate yalimdondoka kwa neno moja tu: uboho.

"Tabibu yule hana adabu, Mfalme," akasema, "ila dawa ameitaja. Kama askari hutoka kwenye uboho, basi uletewe uboho! Kila ukoo utoe mifupa. Mimi mtumwa wako nitaivunja na kukuandalia."

Dawa inayowaumiza wengine humpendeza mfalme upesi. Mifupa ikaletwa. Fisi akaivunja nyuma ya mwamba. Simba akapata ya kulamba, Fisi akapata ya kushiba. Kikohozi kikazidi.

"Ile ilikuwa mikavu," Fisi akaeleza. "Tunataka mibichi."

Akachukuliwa Nyumbu mzee. Kisha akachukuliwa Swala mjane. Fisi akanenepa mpaka shingo ikapotea.

Huko vichakani Sungura akaanza kuuliza kwa nini mgonjwa anakonda na muuguzi ananenepa. Swali lake likamfikia Fisi, na kesho yake likatajwa jina la Sungura.

Sungura alifikishwa barazani, akainama mbele ya Simba.

"Nimekuja, Mfalme. Kufa kwa ajili yako ni heshima, ila naona haya. Mifupa yangu ni vijiti, uboho wake haujazi hata kijiko. Hebu tazama: nani anaishi kwenye moshi huuhuu na hajakohoa hata mara moja? Nani amekuonjea dawa yako yote? Askari wa nyika nzima wamo mifupani mwa waziri wako mpendwa!"

Simba akageuka taratibu. Akalitazama paja la Fisi, nono, linang'aa.

"Mfalme, huyu anatania," Fisi akasema.

"Si wewe uliyeniambia askari hutoka kwenye uboho?"

"Ndiyo, lakini..."

"Basi njoo."

Fisi akapiga magoti. "Uboho wa mwingine ukifika tumboni ni chakula tu, Mfalme! Hauendi mapafuni! Askari wako hutoka kwenye mifupa yako mwenyewe, tabibu si alisema..." Akaziba mdomo, lakini maneno yalikwisha toka.

"Kumbe siku zote ulijua," Simba akanong'ona, akamrukia.

Pumzi haikumtosha. Kucha ziliambulia nyonga tu, na Fisi akaponyoka akichechemea, hana uwaziri wala mwamba wa kujificha.

Moto ukazimwa siku hiyo. Kikohozi hakikuondoka mara moja, maana wageni mapafuni walihitaji muda wa kuzoea kazi. Ngurumo iliporudi, Simba aliwatangazia wote kwamba amejiponya mwenyewe, na safari hiyo hakukosea sana. Ila Nyumbu na Swala hawakurudi, na hakuna aliyethubutu kuwataja barazani.

Njia ya mwongo ni fupi.