Jini Aliyepepea Makaa

Alikuwako Sultani Nabahani, mtawala wa mji wa Zirbadi uliopakwa chokaa ya lulu, na mkewe Bi Zuwena alijifungua mtoto wa kiume na mizinga ikalia, lakini mizinga iliponyamaza hofu ikamkaa Zuwena kifuani na haikutoka. Akimtazama mtoto aona hapumui, akimgusa aona anapumua, akiondoa mkono aona tena hapumui, na chakula hakipiti, na mikono ikamtetemeka hata asiweze kushika kikombe.

Bi Aluwia, mama wa Sultani, akasema mbele ya wajakazi, "Arobaini ikitimia na mikono hiyo ingali inacheza ngoma, mtoto anakwenda kwa mnyonyeshaji, ngome ya bara. Sitamzika mjukuu wangu kwa ajili yako."

Zuwena akakimbilia uani, akashika kichaka cha mrehani asianguke, na majani yakapondeka kiganjani, na harufu ikapanda, na ndani ya harufu akasimama jini mrefu kupita mnara, ndevu zake moshi wa buluu.

"Labeka, bibi yangu. Amuru."

"Ing'oe hofu hii! Sasa hivi!"

Jini akainama. "Nimehamisha milima kabla watu hawajapepesa jicho. Lakini hofu yako na pendo lako vimeota shina moja, nikivuta vitatoka vyote. Chemsha majani haya, unywe asubuhi na alasiri."

Akanywa. Siku tatu. Wapi!

"Mwongo wewe, na urefu wote huo!" akalia, akataka kuligugumia birika zima, na jini akamzuia kwa kidole.

"Taratibu, bibi. Mti huu haukubali kuharakishwa, hata na sisi."

Na hapo Zuwena akaona ajabu ya kushinda zote: mhamisha milima akachuchumaa penye seredani, akapepea makaa, akangoja maji yachemke kama mtu yeyote, siku baada ya siku, na siku ya tisa chakula kikapita, na siku ya kumi na tano akacheka, maana jini alijiunguza ndevu.

Arobaini ikafika. Bi Aluwia akaingia na mnyonyeshaji, na papo hapo mtoto akapaliwa na maziwa, uso ukageuka rangi, wanawake wakapiga ukelele. Zuwena aliogopa, hofu ileile, ila mikono ilimtii. Akamlaza kifudifudi juu ya mkono, akampigapiga mgongoni, na kilio kikatoka.

Aliyetetemeka sasa alikuwa Bi Aluwia. Akamwashiria mnyonyeshaji aende zake, akaketi chini, sakafuni, yeye na hariri zake.

"Mwanangu," akasema, "nitilie na mimi. Tangu nimzae Sultani sijalala usingizi mzima."

Zuwena akammiminia, mtoto begani. Na wewe uliyesikiliza mpaka hapa, anayeogopa usimnyang'anye mwanawe. Mchemshie maji, ukae naye.